Kanzu ya Nabii Yusuf na Posa ya Kakuma

Katika kisa cha Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, mna kanzu tatu. Ya kwanza ililetwa kwa baba yake ikiwa imepakwa damu ya uongo, na ndugu zake wakalia mbele ya mzee kama watu waliofiwa kweli. Ya pili ilichanwa na mke wa mtukufu wa Misri, ambaye wasimulizi wetu humwita Zulekha, siku alipofunga milango na kumtaka kijana aliyelelewa nyumbani mwake. Ya tatu iliwekwa usoni pa Nabii Yaqub, na macho yaliyopofuka kwa huzuni yakaona tena. Kisa hiki nimekisikia tangu nilipokuwa chuoni, pwani. Lakini ni baada ya kuja kukaa Lodwar, na kuitwa na jamaa zangu katika shauri moja la posa, ndipo nilipoanza kuitazama ile kanzu ya pili kwa makini zaidi.

Zulekha alikuwa na kila kitu cha kumfanya asadikiwe: cheo, uzuri, na mume aliyemkuta mlangoni. Yusuf hakuwa na kitu ila neno lake. Kilichowahukumu ni nguo. Mmoja katika jamaa za mwanamke alisema itazamwe imechanika upande gani. Ikiwa ni mbele, basi bibi ni mkweli, na ikiwa ni nyuma, kijana alikuwa akikimbia. Hakuna aliyeuliza nani ana machozi mengi zaidi, wala nani ana maneno matamu zaidi. Mahaba, na madai ya mahaba, yalitafutiwa ushahidi ulioshikika kwa mkono.

Ndugu zangu wa pwani huniambia mara kwa mara kwamba zamani mapenzi yalikuwa ya kweli, na kwamba simu ndiyo iliyoleta hadaa. Mimi siamini hivyo. Bibi zetu waliishi katika miji ya bandari, na bandari haikosi wageni. Majahazi yalikuja na kaskazi kutoka Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi, yakangoja upepo wa kusi ili yarejee. Katika miezi hiyo ya kungoja, wako waliooa wakajenga, na wengi wetu ni wajukuu zao. Wako pia waliooa kwa msimu mmoja, wakaahidi kurudi, na mke akabaki akihesabu matanga mwaka hata mwaka. Walikuwako walioposa kwa joho la kuazima na jambia ya kuazima. Hakuna kati yao aliyekuwa na simu.

Kwa ajili ya watu wa namna hiyo, wazee waliweka utaratibu ambao sisi vijana tuliuona kama madoido. Mtu haposi mwenyewe, humtuma mshenga. Posa ikifika haijibiwi siku hiyo; watu huenda kuuliza: huyu ni wa nani, anakaa wapi, anaswali wapi, aliyemwacha alimwacha kwa nini. Kisha huja kilemba cha baba na mkaja wa mama, mahari, walii, na mashahidi wawili. Kila hatua ilimpa mtu mmoja zaidi nafasi ya kuitazama ile kanzu. Laghai angeweza kumghilibu binti, pengine na mama yake pia. Kumghilibu mshenga, ami, shangazi, imamu na jirani wa mtaa wa pili kwa wakati mmoja kulihitaji kazi kubwa, na aghalabu laghai ni mvivu.

Huku Turkana, watu ambao wengi wao si wa dini yetu wamefikia hekima iliyo karibu na hiyo kwa njia yao. Jirani yangu mmoja husuka vikapu kwa majani ya mkoma, mti ule ule ambao miyaa yake husukwa na wanawake wa kwetu. Tukikaa kivulini jioni, hunisimulia ujana wake. Katika ngoma yao ya edonga vijana hurukaruka, wasichana hucheza na shanga zimejaa shingoni, na kila mmoja hujionesha kuwa bora kuliko alivyo. Hapo, asema, uongo ni sehemu ya mchezo na hakuna anayeudhika. Mambo hubadilika kijana anaposema anataka kuoa. Sasa lazima ilete mifugo: ng'ombe, ngamia, mbuzi, punda. Na hakuna kijana mwenye mifugo ya kutosha peke yake. Huenda kwa baba, kwa ami, kwa mjomba, kwa rafiki aliyewahi kumsaidia wakati wa ukame. Mtafiti Mwingereza Philip Gulliver, aliyetoa kitabu mwaka 1955 juu ya mifugo ya jamaa za Waturkana na Wajie, alionesha kwamba kwa watu hawa mnyama ni fungamano kati ya mtu na mtu kabla ya kuwa mali. Anayekupa ngamia wa kuolea amekudhamini. Ukiwa mtu wa hovyo, hupati dhamana.

Jirani yangu aliniambia neno ambalo sijalisahau: "Mbuzi ana alama sikioni. Neno halina."

Sisemi kwamba desturi hizo, zao au zetu, hazikuwa na dhuluma. Wako mabinti walioozwa kwa sababu mifugo ilipendeza, na pwani wako walioozwa kwa sababu kilemba kilikuwa kinono, bila ya kuulizwa wanataka nini, ilhali dini yetu inamtaka walii atafute ridhaa ya binti. Mashahidi wanaweza kulinda, na wanaweza kukandamiza. Lakini kosa la kumnyima binti sauti halisahihishwi kwa kumwacha peke yake gizani na mtu asiyemjua.

Mji wenyewe wa Lodwar una kumbukumbu yake ya mapenzi yaliyopimwa. Mwaka 1959, Jomo Kenyatta alipomaliza kifungo chake Lokitaung, Waingereza hawakumwachia aende kwake. Walimleta hapa Lodwar na kumzuilia. Mkewe, Mama Ngina, alikuja kuishi naye huku. Wakati huo hakuna aliyejua kwamba mzuiliwa yule angekuwa rais. Lodwar ilikuwa mji mdogo wa joto na vumbi, mbali na ndugu zake, katika nchi ambayo mgeni hakuiingia bila kibali. Ya moyoni mwa watu siyajui, wala siasa sizigusi. Natazama jambo moja tu: aliyekuja Lodwar kumfuata mume mwaka ule hakuwa na faida ya dunia aliyoiona mbele yake. Hiyo nayo ni kanzu ya kutazamwa.

Ukitoka Lodwar kwenda kaskazini magharibi, kiasi cha kilomita 120, unafika Kakuma. Kambi ya wakimbizi ilianzishwa hapo mwaka 1992 kwa ajili ya vijana waliokimbia vita vya Sudan. Leo, pamoja na makazi ya Kalobeyei, ina watu zaidi ya 200,000: Wasudani Kusini, Wasomali, Wakongo, Warundi, Waethiopia na wengineo. Misikiti imo, madrasa zimo, na wanawake wa Kiislamu wengi ambao nimefahamiana nao kwa biashara na kwa darsa.

Humo nimeona sura ya hadaa ambayo bibi zetu hawakuijua. Kwa miaka mingi matumaini makubwa ya watu wa kambini yalikuwa safari, yaani kupokelewa Marekani, Kanada au Australia. Jina lako likiitwa, unaonekana mzuri ghafla. Mama mmoja alinieleza kwamba binti yake alipoitwa kwa mahojiano, wachumba watatu walibisha hodi ndani ya mwezi mmoja, na mmoja wao alilia machozi kwa mapenzi. Januari 2025 Marekani iliposimamisha kuwapokea wakimbizi, machozi yale yalikauka. "Alimpenda karatasi," mama alisema. Lakini hakuwa na chuki. Mtu anayezama, alisema, hushika chochote, hata mkono wa mtu mwingine anayezama.

Nilikuwa nimekwisha kuyasikia hayo kaka yangu aliponipigia simu kutoka Mombasa.

"Dada, kuna mtu anamtaka mtoto. Anasema yuko Kakuma. Wewe ndiwe shangazi, na ndiwe uliye karibu. Katuangalilie."

Binti yake ni mwanamke wa miaka ishirini na sita, aliyeachika, mwenye mtoto wa kiume wa miaka minne. Alijuana na huyo mtu katika kundi la darsa la simu, na walikuwa wakizungumza kwa miezi tisa. Mtu alijitambulisha kuwa Mtanzania wa Kigoma, ofisa wa shirika moja kambini. Alituma picha akiwa na fulana ya shirika na kitambulisho kifuani, nyuma yake gari jeupe lenye antena ndefu. Mara mbili aliahidi kuja Mombasa kujitambulisha, na mara mbili kazi ikamzuia. Hakuwahi kuomba hata senti. Bali Idd iliyopita alimtumia binti shilingi 2,000 kwa M-Pesa. Kaka yangu alisema, "Laghai huomba, hatoi." Nikamjibu kwamba mvuvi naye hutoa chambo, lakini sikuwa na hakika.

Nilikwenda pamoja na mume wangu. Tulivuka mto Tarach, ambao siku hiyo ulikuwa mchanga mtupu, tukaingia sokoni kambini. Nilimwonesha picha mama mmoja wa Kisomali anayeuza vitambaa. Aliitazama kitambo kidogo tu. "Huyu si mwalimu? Anakaa upande wa Warundi, karibu na msikiti." Miezi tisa ya simu, usiku hata usiku, haikuwa imemwambia binti yetu jambo ambalo muuza vitambaa alilisema kabla hajakunja jora lake.

Tulimkuta nje ya nyumba ya udongo yenye paa la bati, amevaa fulana ile ile. Nilipojitaja, hakukimbia wala hakukana. Alituwekea kiti, akatuma mtoto kuleta maji, akakaa chini kwenye mkeka mbele ya mume wangu kama mtu anayesubiri hukumu. Hakuwa Mtanzania. Alikuwa Mrundi wa Buyenzi, mtaa wa Waislamu wa Bujumbura wanaosema Kiswahili tangu babu zao, aliyekimbia machafuko ya mwaka 2015. Hakuwa ofisa. Alifundisha watoto na kulipwa posho wanayolipwa wakimbizi, ambayo si mshahara wa mwajiriwa. Gari jeupe lilikuwa la wageni waliokuja siku moja. Na kilichomzuia kufika Mombasa hakikuwa kazi. Mkimbizi hatoki kambini bila hati ya ruhusa. Mke hakuwa naye, na majirani walithibitisha.

"Mama," aliniambia, "ningalimwambia siku ya kwanza kwamba mimi ni mkimbizi, angalinisikiliza siku ya pili?"

"Sijui, mwanangu. Nawe hujui, kwa sababu hukumpa nafasi ya kujibu."

Akainamisha kichwa. Kisha, kwa upole wa mtu anayetaka kubadili mazungumzo, aliniuliza: "Na yule mtoto wa dada yake anayekaa naye, hajambo? Nilisikia alikuwa na homa."

Binti wa kaka yangu hana dada.

Nilinyamaza. Siri ile haikuwa yangu kuitoa. Nilimjibu tu kwamba mtoto hajambo, alhamdulillahi, na kwamba habari zake amuulize mwenyewe binti. Njia nzima ya kurudi Lodwar mimi na mume wangu hatukusema mengi. Tulikwenda tukidhani tunaitazama kanzu ya mtu mmoja, kumbe imechanika mbele na nyuma.

Usiku nilimpigia binti nikamweleza yote niliyoyaona. Alilia. Nilipomuuliza juu ya mtoto, alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akasema: "Shangazi, wanaume wakisikia una mtoto hawarudi tena." Ni maneno yale yale, kwa mdomo mwingine. Kila mmoja alikuwa amempenda mtu asiyekuwapo, na kila mmoja aliogopa kwamba aliyeko hatapendwa.

Nilimwambia kila mmoja jambo moja: una wiki, useme kwa kinywa chako, na useme mbele ya mtu wako mzima. Ijumaa baada ya Isha, kijana alimpigia kaka yangu, akiwa na mzee mmoja wa msikiti wao pembeni yake. Upande wa Mombasa alikuwapo binti na mama yake. Kijana alisema yote kwanza. Binti akafuatia, na alipofika kwa mtoto hakusema "mtoto wangu" tu, alimtaja kwa jina. Kaka yangu aliniambia simu ilikaa kimya hata akadhani laini imekatika.

Ningependa kuwaambia wasomaji kwamba ukweli ulileta harusi. Haukuleta. Kijana alisema mtoto si kikwazo kwake, na naamini alisema kweli. Lakini hakuwa na njia ya kuishi Mombasa, na binti hakuwa tayari kumpeleka mwanawe kambini. Walizungumza mara mbili zaidi, mbele ya wazee, kisha wakaachana kwa salama na kwa dua. Binti aliugua kwa majonzi wiki kadhaa. Aliwahi kuniambia kwamba laiti ningalichelewa kwenda, angalikuwa na miezi michache zaidi ya furaha. Sikumkatalia. Furaha ile aliihisi, na kuiondoa kulimuumiza. Lakini nilimkumbusha gharama yake: kwa miezi tisa, kila usiku, alimkana mwanawe ili apendwe, na mtoto wa miaka minne alikuwa akilala chumba hicho hicho, pengine akisikia.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo sikulitilia maanani katika kisa cha Nabii Yusuf. Kanzu ilithibitisha uongo wa Zulekha, lakini Yusuf alifungwa hata hivyo, na jambo likafunikwa ili heshima ya nyumba isichafuke. Aibu haikuondoka mpaka mwanamke mwenyewe, miaka baadaye, aliposimama mbele ya mfalme akakiri kwamba yeye ndiye aliyemtaka kijana. Ushahidi wa watu hufichua. Kinachomweka huru mwenye kuficha ni kinywa chake mwenyewe.

Kwa hiyo, akina mama wenzangu, simu siilaumu. Simu haikuzua hadaa, imeondoa mashahidi. Imempa mposaji njia ya kuingia nyumbani bila kupita ukumbini, na imempa binti njia ya kujificha huku akionekana. Basi turudishe mashahidi kwa njia zinazowezekana leo. Binti akikuambia amempata mtu kwa simu, usianze kwa kelele. Muulize maswali matatu. Je, huyo mtu yu radhi kujulikana na mtu wa tatu, akatajwa msikiti wake na mtaa wake? Je, ametoa kitu chochote ambacho laghai asingekubali kukitoa, nacho ni muda wake mchana kweupe mbele za watu wake? Na swali la mwisho, ambalo ni gumu kuliko yote: wewe mwenyewe umemficha nini? Posa iliyo ya kweli haiogopi kuulizwa. Ile inayotaka iwe siri "kwa sasa" ina sababu, na sababu hiyo yafaa ijulikane mapema.

Liko pia swali letu sisi wazazi. Yule kijana alidanganya kwa sababu alijua tunavyolitamka neno mkimbizi. Yule binti alidanganya kwa sababu alijua tunavyowatazama walioachika wakiwa na watoto, hali ya kuwa katika nyumba ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, wake wengi walikuwa wajane au walioachika, na wengine walikuja na watoto wao. Uongo wao ni dhambi yao, na wamekwisha kuutubia. Lakini hofu iliyowafikisha huko si wao walioitengeneza. Ilitengenezwa sebuleni kwetu, katika mazungumzo ya harusini na mzahani, kila tulipomtaja mke mwenye mtoto kama mzigo na mtu asiye na nchi kama balaa.

Binti wa kaka yangu sasa yu hajambo. Anafundisha chekechea, na mwanawe ameanza chuoni. Ameniambia kwamba akija mposaji mwingine, neno la kwanza atakaloambiwa ni jina la mtoto huyo. Akitaka kuondoka, mlango uko wazi. Mwenyezi Mungu atupe wana wetu wa kuwapenda jinsi walivyo, na atupe sisi ndimi ambazo hazitawalazimisha kujificha.